Nilivyojifunza Kujilinda Nakuru: Mkoba, Rungu na Bastola

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, nilikuwa nikifunga duka langu la pembejeo karibu na soko la Wakulima hapa Nakuru. Ilikuwa saa mbili kasoro usiku. Kijana mmoja alisimama mlangoni, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mathe, DAP imebaki?" Yaani ile mbolea. Nikageuka kutazama nyuma, kwenye magunia. Kule kugeuka kulinigharimu shilingi 184,000, simu mbili, na mkono wa mzee aliyekuwa akinilinda.

Soja wetu sote tunamwita Mzee. Kwao ni Webuye, ana miaka hamsini na kitu, na yuko nasi tangu 2016. Usiku ule alikuwa na rungu, filimbi, na tochi ambayo betri zake mimi ndiye niliyekuwa nikisahau kununua. Mwenzake wa yule kijana wa DAP alipochomoa panga, Mzee aliinua rungu kwa mkono wa kulia, akajikinga kwa wa kushoto. Panga likaingia chini kidogo ya kiwiko.

Wezi walipokimbia, kazi yangu ikawa damu, na sikujua la kufanya. Nilivua leso nikaifunga juu ya jeraha lenyewe kwa fundo la kawaida, kama mtu anayefunga mzigo wa mboga, ikaloa kabla sijamaliza. Jirani akaleta majani ya chai. Mwingine akasema tumpe maji yenye sukari. Robo saa ilipita kabla hatujapata gari la kumfikisha hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mkono ule havijawahi kukunja sawasawa tena.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu anayeniuliza, hasa wanawake wenye biashara: "Ulipataje bastola?" Hilo ndilo swali nililoanza nalo mimi pia, na kuanza nalo kulinipotezea pesa na karibu mwaka mzima.

Mji ulikuwa na hofu wakati ule. Katikati ya 2022 wanawake kadhaa walikuwa wameuawa Mawanga, upande wa Bahati, na kila mama niliyezungumza naye alikuwa amebadilisha kufuli. Mimi sikuwa nikilala. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje ya geti, mikono inaanza kutetemeka. Kichwani nilikuwa na wazo moja tu, niwe na bastola, na yule wa DAP arudi.

Mtu mmoja niliyeelekezwa na rafiki akaniambia ana watu wake Nairobi. Leseni miezi mitatu, hakuna mahojiano, hakuna mafunzo, nitume pesa tu. Nikatuma 35,000, kisha 25,000 "za faili." Kufika mwezi wa nne tangu nimlipe, simu yake ikazimwa. Sikwenda kuripoti kwa sababu niliona aibu, tena niliogopa kuulizwa nilikuwa nikinunua nini hasa. Hapo ndipo watu hao wanapotushika. Pesa umelipia njia ya mkato, basi huna ujasiri wa kulalamika mchana. Mtu akikuambia leseni ya silaha inapatikana bila wewe kuonekana, ujue anakuibia, au anakupeleka kwenye bunduki isiyo na karatasi, ambayo itakupeleka jela.

Njia halali ni ndefu na ina sababu ya kuwa ndefu. Kenya tunaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kumiliki bunduki si haki ya kila raia. Ni ruhusa inayotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha kwa mtu aliyeonyesha sababu ya kutosha, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wahakikiwe upya, hata waliokuwa na leseni kwa miaka mingi. Cheti cha silaha nacho huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo ukishaipata hujamaliza. Umeingia kwenye jambo utakaloulizwa maisha yako yote.

Nilianza upya Januari 2023. Cheti cha mwenendo mwema nililipia shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole. Fomu zikapitia kituo cha polisi, kwa wapelelezi, kwa kamati ya usalama ya kaunti ndogo. Niliulizwa kuhusu kodi, ndoa, watu ninaoishi nao, kama nina kesi ya shamba, kama ninakunywa. Baadhi ya maswali yaliniudhi. Leo nikiyakumbuka naona yalikuwa machache.

Aliyenisimamisha alikuwa mtaalamu wa saikolojia. Tulizungumza karibu saa nzima, vizuri tu, kisha akauliza kwa sauti ileile ya upole, "Ukikutana leo na yule kijana aliyeuliza DAP, utafanya nini?"

Nikamjibu, "Nitampiga risasi."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Aliniambia hatatia saini siku hiyo, na akaniomba nianze kumwona mshauri wa waathiriwa kabla ya kurudi kwake. Nilitoka pale nimekasirika, nikalia ndani ya gari hadi askari wa maegesho akaja kugonga kioo. Nilienda kwa mshauri mara saba. Kikao cha nne ndicho nilichoweza kusema kwa mara ya kwanza kwamba hasira yangu haikuwa ya pesa. Ilikuwa kwamba niligeuka. Mzee alikatwa nikiwa nimempa mwizi mgongo.

Kama umevamiwa na unataka silaha, anza na mshauri. Usisubiri kurudishwa kama mimi. Nililipa 2,000 kila kikao, na katika gharama zote nilizoingia, hizo ndizo ambazo sijawahi kuzijutia hata siku moja.

Katikati ya hayo nilifanya kosa la pili. Niliona tangazo la mafunzo ya siku moja, 15,000, nje ya mji. Tulikuwa ishirini na wawili, mwalimu mmoja na kijana wa kumsaidia. Vifaa vya kuziba masikio vilikuwa vichache, tukawa tunapokezana. Hakuna aliyeuliza kitambulisho. Wakati wa maelezo mwalimu alikuwa akizungusha bastola mkononi huku akisema, na mara mbili mtutu ukapita usawa wa vifua vyetu. Mama mmoja akainama. Mwalimu akasema, "Haina risasi hiyo," watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikutaka kuonekana mwoga. Masikio yalinilia siku tatu. Cheti chao nilipokipeleka kwenye faili langu, ofisa alikitazama akanirudishia bila neno.

Ningekuwa na akili ya leo, ningeondoka dakika ile mtutu ulipopita. Ukifika mahali pa mafunzo, usitazame kwanza bunduki zao wala mavazi ya walimu. Tazama kama wamekuuliza wewe ni nani. Tazama nani anakagua silaha kabla haijamfikia mwanafunzi, na kama anaikagua kwa macho na kwa kidole. Uliza sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, na gari la kukimbiza majeruhi ni lipi. Mwalimu mzuri hukujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ukiona kuuliza kunamuudhi, chukua mkoba wako uende nyumbani.

Mafunzo ya kweli niliyapata Agosti 2023, upande wa Nairobi. Siku tatu, 42,000 pamoja na risasi, nikilala kwa dada yangu Kikuyu. Mwalimu wetu alikuwa mama, ofisa mstaafu wa polisi, tukimwita Afande. Darasa lilikuwa la watu wanane. Nilikuwepo mimi, daktari wa meno, mkulima kutoka Molo, na wengine waliobaki walikuwa watu wa kampuni za ulinzi wanaosimamia zamu.

Siku ya kwanza hatukugusa risasi hata moja. Tulipewa bastola za mpira za rangi ya buluu, nzito kama za kweli, tukakaa nazo kutwa nzima. Ukienda chooni unayo, ukinywa chai unayo. Kila aliyeelekeza mtutu kwa mwenzake alisimamishwa mbele arudie kanuni nne kwa sauti: kila bunduki ihesabu ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi macho yako yawe kwenye shabaha na umeamua kupiga, ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake. Kufika saa sita nilikuwa nimesimamishwa mara tano. Mkulima wa Molo, ambaye amewinda nguruwe mwitu na babake tangu utotoni, alisimamishwa mara tisa. Afande alisema waliozoea bunduki ndio wagumu kufundisha.

Kanuni ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi kule Kikuyu. Nililala nikilipanga duka langu kichwani. Ukuta wa kushoto ni bati, na nyuma yake ni kinyozi anayefanya kazi hadi saa tatu usiku. Mbele ya mlango, hatua kama kumi, huketi mama anayechoma mahindi, na mtoto wake mdogo hufanyia kazi ya shule palepale kwenye mwanga wa taa yangu. Nyuma yake kuna vijana wa boda. Risasi ya milimita 9 haizuiwi na bati. Mwaka mzima nilikuwa nimeota nikipiga risasi mlangoni pale, na katika ndoto zile zote hapakuwa na mahindi wala mtoto.

Mchana tulifundishwa sheria, na hapo watu wa ulinzi walikuwa na maswali mengi kuliko sisi. Kujitetea Kenya kunatajwa katika kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema matumizi ya nguvu katika kulinda mwili au mali yatapimwa kwa misingi ya "common law" ya Kiingereza, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya mahakama. Afande alitufafanulia kwa maneno ya mtaani. Hatari iwe ipo sasa hivi, si jana wala kesho. Nguvu unayotumia ilingane na hatari hiyo. Na hatari ikigeuka kukimbia, nawe nguvu zako zinaishia hapo. Yule wa DAP alipokuwa akikimbia na mfuko wangu, ningempiga risasi mgongoni, mimi ndiye ningesimama kizimbani. Daktari wa meno akabisha kwamba mwizi ni mwizi. Afande akamwambia, "Hakimu hatakuuliza alikuwa nani. Atakuuliza ulikuwa katika hatari gani wakati ule unafyatua."

Alituzungumzia pia Westgate, jengo la maduka la Nairobi, na shambulio la kigaidi lililoanza Septemba 21, 2013, ambalo watu 67 waliuawa, na raia wenye leseni waliingia pamoja na polisi waliovaa nguo za kawaida wakatoa watu wengi. Kila mtu darasani alitaka kuzungumzia ushujaa wao, na wanastahili. Afande alitaka tuone jambo jingine, kwamba mtu mwenye nguo za nyumbani na bastola mkononi, kwa macho ya askari anayefika sasa hivi, anafanana na mshambuliaji. Tulifanya zoezi hilo hadi jioni. Hatari ikiisha, silaha inarudi kwenye ala. Polisi wakifika, mikono mitupu juu, fuata amri, usigeuke ghafla, usikimbilie kumwonyesha nani alikuwa mwizi.

Siku ya pili ilikuja na kisu cha mpira na mkoba wangu.

Mwaka 1983 sajenti wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya majaribio yake: mtu mwenye kisu aliye futi 21 kutoka kwako, karibu mita sita na nusu, anakufikia kwa kama sekunde moja na nusu. Afande alitupimia umbali huo kwa kamba. Kijana mmoja wa ulinzi akapewa kisu cha mpira, nami nikasimama na bastola ya buluu ndani ya mkoba, nilivyopanga kuibeba. Filimbi ikalia. Nilishika zipu. Zipu ikashika kitambaa cha ndani. Nilipoinua macho kisu kilikuwa tumboni, na kijana wa watu ananiomba msamaha. Tukarudia. Mara ya pili nilifungua zipu nikashika chupa ya losheni. Mara ya tatu nilishika bastola, lakini ilitoka na ufunguo wa gari umening'inia kwenye kidole.

"Mama," Afande aliniambia, "mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anachonyang'anya. Utakuwa umempelekea bastola."

Ala nyingi zimeshonwa zikimfikiria mwanamume mwenye suruali na mshipi. Niliishia kununua mshipi mgumu wa ngozi unaovaliwa ndani, chini ya dera au blauzi pana, na ala inayofunika kifyatulio chote. Nilitumia wiki tatu nyumbani nikijifunza kuinua nguo kwa mkono mmoja na kushika kwa mwingine, bila risasi, mlango umefungwa. Hata hivyo, umbali ule wa kamba bado unanishinda mara nyingi kuliko ninavyoushinda. Ndiyo maana somo lililofuata halikuwa la kuchomoa haraka. Lilikuwa la miguu: kuondoka kwenye mstari wa anayekujia, kuweka kaunta, gari au magunia kati yenu, na kupiga kelele mapema. Afande alitufundisha kupiga kelele za maneno, "Simama! Rudi nyuma!" kwa sababu majirani wanayasikia na watayakumbuka wakihojiwa.

Risasi zenyewe nilizipiga siku hiyo jioni. Katika kumi za kwanza, mita saba tu, nne ziligusa karatasi, zote chini upande wa kushoto. Nilidhani bastola imepinda. Afande akaijaza magazini mwenyewe bila kunionyesha, akachanganya risasi bandia. Nikapiga moja, ya pili, na ya tatu ikawa bandia: hakuna mlio, lakini mtutu ukainama ghafla kama kichwa cha kuku anayedonoa. Nilikuwa nikiusukuma mlio kabla haujaja. Tangu siku ile sijawahi kulaumu silaha. Ukitumia mkono wa kulia na risasi zako zinaangukia chini kushoto, hofu yako ndiyo inayopiga. Punguza risasi, ongeza mazoezi ya kufyatua bastola tupu isiyo na risasi, bonyeza taratibu hadi mlio wenyewe ukushtue.

Siku ya tatu asubuhi ilikuwa ya damu. Afande alisema anayejifunza kutoboa mtu lazima ajifunze kuziba. Jeraha linalovuja sana, weka kitambaa safi na ugandamize moja kwa moja kwa uzito wa mwili wako, usifunuefunue kutazama. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka au haikomi, tumia mkanda wa kubana damu: kati ya sentimita tano na saba juu ya jeraha, upande wa moyo, kamwe si juu ya kiwiko au goti, zungusha kijiti kilicho kwenye mkanda hadi damu isimame, andika saa uliyofunga, usiulegeze hadi hospitali. Unauma sana. Ukifungwa vizuri mgonjwa atakulilia uutoe, na hutautoa.

Tulifungana. Nilipofungiwa mimi, hapa juu ya kiwiko cha kushoto, nilihisi vidole vinakufa ganzi, nikamwona Mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki na leso yangu yenye maua mekundu. Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Mkanda ule wakati huo uliuzwa kama 3,000. Nilikuwa nimempa tapeli mara ishirini ya pesa hizo.

Nikiwa njiani kurudi, kwenye mteremko wa kuingia Naivasha, nilipiga hesabu. Kuanzia uvamizi nilikuwa nimetumia zaidi ya laki moja juu ya usalama wangu. Kwa Mzee, tangu 2016, nilikuwa nimenunua rungu moja, koti la mvua na kofia. Yeye ndiye anayesimama nje. Yeye ndiye aliyekatwa.

Waajiri wenzangu, hapa naomba mnisikilize. Soja wa kibinafsi hapa kwetu habebi bunduki. Wale unaowaona na bunduki kwenye benki na magari ya pesa ni polisi. Soja ana macho, mdomo, miguu na mahali alipowekwa. Tangu mwaka 2016 kuna sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi, Sheria namba 13 ya mwaka huo, inayotaka walinzi wasajiliwe na wafunzwe. Wengi wetu tunamchukua mtu kijijini, tunampa rungu, tunamwambia "kaa macho." Nilimpeleka Mzee kwenye kozi ya siku sita, 9,000, na mshahara wake ukiendelea. Kabla ya kumlipia nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Madamu, mimi nilidhani kazi ya soja ni kupigana."

Alirudi akanifundisha duka langu mwenyewe. Kiti akakitoa mlangoni, akasema soja aliyekaa amefungwa miguu. Akachagua pembe ambayo mgongo wake uko ukutani na anaona njia zote mbili. Taa iliyokuwa ikitumulika sisi akaigeuza imulike anayekuja. Akaniambia pesa zipelekwe benki mara mbili mchana, saa tofauti kila siku, na wateja wahimizwe kulipa kwa simu, ili jioni droo isiwe na cha kumvuta mtu. Saa moja na nusu mlango unafungwa nusu, na anayetaka DAP namjibu akiwa nje. Akaniambia pia kwamba siku ile aliona pikipiki ile ikipita mara mbili, ila hakujua aniambieje mbele ya watu. Kwa hiyo tukapanga neno. Akisema amepigiwa simu kutoka Webuye, nisitoke nje, nisiulize, nifunge.

Yote hayo, pamoja na taa, komeo jipya na mikanda miwili ya kubana damu, moja dukani na moja garini, hayakufika 40,000. Ningeanza hapo, pengine nisingefika kwa tapeli wala kwa yule mwalimu wa kuzungusha bastola.

Leseni ilitoka Machi 2024. Bastola ilikula zaidi ya laki mbili na nusu, sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti sakafuni 35,000. Kuishi nayo ni kazi ya kila siku. Mjukuu wangu ana miaka minne, anafungua kila kitu. Nikifika nyumbani inaingia sefuni kabla sijavua viatu, na ufunguo hauwekwi mahali ilipo sefu. Haiachwi garini hata dakika tano. Harusini na mahali penye pombe siendi nayo. Nikiwa na hasira, na mfanyabiashara ana hasira nyingi, inabaki ndani. Nimeacha kubishana na madereva wa matatu. Kila miezi miwili narudi uwanja wa shabaha na risasi hamsini, na kila Jumapili jioni nafanya mazoezi tupu dakika kumi. Nikikosa mwezi, mtutu unaanza kuinama tena.

Sijawahi kuichomoa.

Novemba 2024, saa mbili kasoro robo usiku, nilikuwa nimeshika begi tayari kutoka. Mzee akaingiza kichwa, sauti yake ya kawaida kabisa: "Madamu, nimepigiwa simu kutoka Webuye."

Nikasimama palepale. Akaingia, akaweka komeo, akazima taa ya ndani, ya nje ikabaki. Nilienda nyuma ya magunia, mahali tulipokuwa tumepanga, nikampigia kinyozi amwite yule mama wa mahindi na mtoto wake waingie kwake, kisha nikapigia simu kituo cha polisi. Mkono wangu ulitaka kwenda kiunoni. Niliuweka juu ya gunia, nikaanza kuhesabu pumzi. Mzee alikuwa akinong'ona kutoka kwenye upenyo wa mlango: pikipiki moja, watu wawili, imepita mara ya tatu, haina nambari, wamesimama ng'ambo. Dakika nane. Mmoja ameshuka, amevuka, anatazama mlango. Amerudi. Dakika kumi na tano. Wamewasha, wameshika njia ya Njoro.

Tulingoja nyingine ishirini. Gari la polisi lilipita polepole, likamulika mlango wetu, tukajitambulisha, likaendelea. Wale watu sijui walikuwa nani. Mzee alifungua komeo kwa mkono wa kulia, akatoka kwanza peke yake, akatazama kushoto na kulia, akamwita mtoto wa mama wa mahindi aje achukue daftari lake lililokuwa limebaki chini ya taa.